Alisema "sida", nikaandika "shida"

Kazi yangu ni unukuzi. Watafiti wanakwenda vijijini na makambini, wanakaa na watu, wanarekodi, kisha faili za sauti zinaletwa kwangu nizigeuze maandishi, neno kwa neno, pamoja na vikohozi na vinyamazo. Wenyewe kazini tunasema kutranskraibu. Kisa hiki kinahusu rekodi moja ya dakika 71, ya bibi mmoja mkimbizi kutoka Kivu Kusini, Kongo, aliyehojiwa katika kambi mkoani Kigoma. Yanayoweza kumtambulisha nimeyaondoa, na mwenyewe ameridhia kisimuliwe. Nakieleza kwa kirefu kwa sababu kosa lililotokea halikutokana na mtambo mbovu wala haraka ya kumaliza. Lilitoka sikioni, na sikio langu ni zima.

Mazungumzo yalifanyika nje, kibarazani, chini ya bati. Simu ya kurekodia iliwekwa juu ya meza ya plastiki, kwa hiyo kila kikombe kinapotuliwa mezani kinagonga ndani ya masikio ya msikilizaji. Kuna kuku, kuna wapita njia wanaosalimia, na kuanzia dakika ya 29 kuna mvua. Mhojaji, kijana wa timu yetu, anasikika kama yuko chumbani nami. Bibi yuko upande wa pili wa meza. Sauti yake ni ya chini, ina mkwaruzo, na anasema haraka kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa umri wake. Mjukuu wake wa kike amekaa ubavuni na mara mojamoja anaongeza neno. Mada ni malezi ya watoto waliofiwa na wazazi: nani amewachukua, wanakula nini, nani anawapeleka shule.

Kwa kawaida saa moja ya sauti hunilia saa tano au sita za kazi. Siku ya kwanza na bibi huyu nilikaa saa nne nikapata dakika 11, na kati ya mistari ya dakika hizo 11, karibu kila wa pili ulikuwa na mabano: [haisikiki]. Fomu yetu ina sehemu ya kueleza ubora wa sauti. Nikajaza hivi: "Mzungumzaji hatamki vizuri. Lafudhi nzito. Huenda anatafuna kitu." Fomu hiyo ninayo bado. Sentensi hizo tatu ndizo zilizonifanya nianze kuchunguza jambo hili baadaye, kwa kuwa kila moja inamtaja yeye, na hakuna hata moja inayonitaja mimi.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua na Kiswahili kama lugha ya nyumbani, nimekisomea, na riziki yangu inatokana nacho. Mtu wa namna hiyo akikutana na Kiswahili asichokielewa, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kwamba kimeharibika. Hatujifunzi hilo darasani, tunalipata hewani, kwenye vichekesho vya redio na utani wa vijiweni kuhusu watu wa bara wanavyosema. Lakini Kiswahili cha bibi huyu hakikuharibika njiani. Kilifika kwao karne ya 19 na misafara iliyopita Ujiji na kuvuka ziwa, kikakaa na lugha za huko, kikapata umri wake na kanuni zake. Ni ndugu wa changu, aliyelelewa nyumba nyingine.

Sasa, ugumu wangu ulikuwa wa aina mbili, na nisingezitenganisha nisingekielewa kisa chenyewe.

Aina ya kwanza ni maneno. Dakika ya 4 bibi anasema: "Leta ilitutosha mu manyumba." Kwa sikio la pwani hapo pana amri ya kuleta kitu, kisha pana kitu kilichotosheleza, kisha nyumba. Niliisikia sentensi nzima, kila silabi, na sikuambulia maana. Nikampigia mwenzetu mmoja, kijana wa Uvira anayewaongoza watafiti wetu wakiwa kambini. Akanijibu palepale: "Dada, Leta ni serikali. Ni Kifaransa hicho, l'État. Na kutosha kwetu ni kutoa." Serikali ilitutoa majumbani. Dakika kumi za mazungumzo na kijana huyo zilinipa "lopitali", zikanipa "ju ya" kwa maana ya "kwa sababu", zikanipa "batoto" na "iyi" na "akuna". Ugumu wa aina hii hauna siri. Unamuuliza anayejua, unaandika pembeni, unaendelea.

Aina ya pili ilinitoa jasho. Haya yalikuwa maneno ninayoyajua tangu kunyonya, na sikuyasikia. Niliandika "[ishiku?]" mara tatu katika ukurasa mmoja. Lilikuwa "iyi siku". Niliandika "tushishe" nikaweka alama ya kuuliza mbele yake, lilikuwa "tusiseme". Kamusi haiwezi kukusaidia hapo, wala mtu wa Uvira hawezi kukusaidia kwa simu, maana tatizo haliko kwenye neno. Liko kwenye mdomo mmoja unaolitoa na sikio moja linalolipokea.

Ilibidi nimuulize mhojaji bibi alikuwa anatafuna nini. Akasema hakuwa anatafuna kitu. Meno ya mbele ya juu hana, yalikwisha toka miaka mingi.

Hilo linaeleza mengi. Sauti ya "s" tunaitengeneza kwa kupitisha pumzi kwenye mfereji mwembamba wa ulimi hadi igonge meno ya mbele, na mgongano huo ndio unaotoa ule mluzi mkali. Nguvu yake kubwa iko juu, takriban Hz 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde) na kuendelea. "Sh" huanzia chini zaidi, kwenye Hz 2,500 hivi, kwa sababu ulimi umerudi nyuma na pumzi ina chumba kikubwa mbele yake. Ukiondoa meno ya juu, "s" inapoteza makali. Inashuka. Haiwi "sh" kamili, lakini inatoka kwenye kiti chake na kukaa katikati ya viwili. Na Kiswahili kinabebesha tofauti hiyo mzigo mkubwa: kisa na kisha, mosi na moshi, saba na shaba.

Hapa niseme jambo ambalo watu wengi hawalifikirii kwa sababu sikio linawafichia. Hakuna wasemaji wawili wanaotoa sauti moja. Mwaka 1952 Gordon Peterson na Harold Barney, katika maabara za Bell huko Marekani, walichapisha vipimo vya vokali za Kiingereza zilizotamkwa na watu 76, wanaume, wanawake na watoto. Ukizichora vokali hizo kwenye karatasi, mawingu yanaingiliana: sauti iliyo vokali moja kinywani mwa mwanamume inaangukia palepale penye vokali nyingine ya mtoto. Sababu ni ya kimwili. Bomba la sauti la mwanamume mzima, toka kooni hadi midomoni, lina sentimita kama 17. La mwanamke ni fupi kidogo na la mtoto ni fupi zaidi, na bomba fupi hutoa mlio wa juu kama filimbi ndogo. Kwa kipimo cha mashine, "e" ya baba na "e" ya mwanawe ni vitu viwili. Mama yuko jikoni anaitwa na wote wawili, na hata haimpitikii kwamba amefanya kazi yoyote.

Amefanya. Mwaka 1957 Peter Ladefoged na Donald Broadbent waliionyesha kazi hiyo kwa jaribio ambalo mimi naona ni zuri kuliko yote niliyoyasoma katika fani hii. Walitengeneza kwa mashine sentensi ya Kiingereza inayomwomba msikilizaji aseme neno linalofuata ni lipi. Neno lenyewe hawakuligusa. Walichobadilisha ni sauti ya sentensi iliyotangulia, ionekane imetoka kwenye bomba la aina nyingine. Wasikilizaji wakasikia neno tofauti. Kitu kilekile kilichokuwa neno moja nyuma ya msemaji huyu kikawa neno jingine nyuma ya msemaji yule. Maana yake sikio halipimi sauti peke yake. Linampima kwanza anayesema, linapata kadiri ya kinywa chake, ndipo linaamua amesema nini. Ladefoged, kwa wanaotaka kujua, baadaye alikuja kwetu huku Afrika Mashariki na kushiriki utafiti mkubwa wa lugha za Uganda, pamoja na kupima wasemaji wa lugha moja wanaielewa ya jirani kwa kiasi gani.

Nirudi mezani kwangu. Siku ya pili nilipata dakika 16. Siku ya tatu, asubuhi, nikiwa kwenye dakika ya 38, nilinyanyua kichwa nikaona nimeandika kurasa mbili bila kurudisha nyuma. Sikumbuki kilibadilika lini. Mvua ilikuwa bado inapiga bati, bibi alikuwa bado hana meno, kasi yake ilikuwa ileile. Lakini "siku" ilikuwa siku na "sisi" ilikuwa sisi, na sikuwa tena nafanya juhudi yoyote. Kama umewahi kuhamia mahali ukamsikiliza imamu au padri mgeni kwa Ijumaa au Jumapili mbili tatu, unalijua badiliko hili. Siku moja unatoka ukiwa umesikia hotuba, hukusikia lafudhi.

Wanaopima mambo haya wanasema sehemu ya kwanza ya badiliko hilo huenda haraka sana. Constance Clarke na Merrill Garrett, mwaka 2004, waliwasikilizisha Wamarekani Kiingereza chenye lafudhi ya Kihispania na ya Kichina. Mwanzoni wasikilizaji walichelewa kuelewa, lakini pengo likapungua ndani ya dakika moja hivi, yaani ndani ya sentensi chache. Mimi nilihitaji siku mbili na nusu, na nadhani najua mojawapo ya sababu, nitaifikia.

Baada ya kumaliza rekodi yote nilirudi mwanzo. Huo haukuwa utaratibu wetu. Nilirudi kwa kuwa zile dakika 11 za kwanza, zenye mabano kila mahali, zilinitia aibu kuzikabidhi. Mabano yakaanza kufunguka moja baada ya jingine. Pale nilipokuwa nimerudisha nyuma mara kumi na mbili, sasa nilisikia mara moja na kuandika. Nikawa nafurahi. Ndipo nikafika dakika ya 9.

Bibi anaeleza wajukuu walivyokuja mikononi mwake. Maandishi yangu ya siku ya kwanza yalisema: "Mukwe wangu alikufa na shida. Alituachia batoto tatu." Mstari huo haukuwa na mabano hata moja. Ulikuwa miongoni mwa michache ya ukurasa ule niliyokuwa na uhakika nayo. Nikaisikiliza sauti huku nikisoma, nikasikia: "Mukwe wangu alikufa na sida."

Sida ndilo jina la UKIMWI kwa watu waliopita shule na hospitali za Kifaransa, Kongo, Burundi na kwingineko.

Nilisimamisha. Nikarudisha. Sida. Nikarudisha tena. Sida. Nikamwita mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa Morogoro, hodari kunishinda, ambaye hakuwa amesikia rekodi hii hata kidogo. Nikamvisha visikilizi bila kumwambia lolote, nikamchezea sentensi ile moja. "Alikufa na shida," akasema. Nikamchezea mara tano. Mara zote tano aliandika shida, na mara zote tano mimi nilisikia sida. Sauti moja, masikio mawili mazima, maneno mawili. Hatukubishana, tulitazamana tu.

Ingekuwa rahisi kuamini la kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimekaa na sauti ile siku tatu. Lakini sikio lililozoea nalo lina hatari yake: linaweza kuwa rafiki kupita kiasi, likasikia linachokitarajia. Nikampigia mhojaji nikamchezea sentensi kwa simu. Akasema hasikii tofauti, na alikuwa na haki, kwani laini ya kawaida ya simu hupitisha takriban Hz 300 hadi 3,400, na "s" na "sh" zinaachana juu ya hapo. Nikamtumia kipande chenyewe cha sauti. Yeye, aliyekaa na bibi uso kwa uso kwa zaidi ya saa nzima akiona midomo yake, alisikia sida.

Kisha nikafungua Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inayochora sauti ikawa picha. Nikakata "si" zote za bibi nisizo na shaka nazo, kutoka kwenye siku, sisi, kusikia. Nikakata "sh" zake zote zisizo na shaka: shamba, kwisha, mashuka. Nikaziweka juu na chini. Ni kweli "s" zake zimeshuka, ziko chini kabisa ukizilinganisha na za mhojaji au za mjukuu. Lakini "sh" zake ziko chini zaidi. Bibi hakuchanganya herufi hizo hata mara moja katika dakika 71. Mpaka kati yake upo, umesogea tu, na ukishajua ulipo huwezi kupotea. Sauti ya neno lenye mgogoro ilikaa pamoja na zile "s".

Hata hivyo picha si mwenye neno. Wiki iliyofuata mhojaji alikuwa anarudi kambini kuwasomea watu maelezo yao, ndio utaratibu, na tulikubaliana asimtajie bibi neno lolote kati ya hayo mawili. Amuulize tu, wakiwa faragha, mkwe alifariki kwa nini. Bibi akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kulijibu. "Nilisema sida. Ni sida. Muandike."

Jibu hilo limenikaa. Mwanamke yule alilitaja gonjwa kwa jina lake, mbele ya mjukuu wake, mbele ya mgeni mwenye simu ya kurekodi, katika kambi ambamo nyumba zimebanana na habari hazilali. Kulitaja kunahitaji moyo. Nami, katika chumba chenye feni, nilikuwa nimempokonya neno hilo na kuweka mahali pake neno la adabu. Maana "shida" ndilo neno ambalo nusu ya Waswahili wangelitumia kuuficha UKIMWI uleule. Alikufa na shida. Aliugua, alipata matatizo, si unajua tena. Sentensi ilikuwa kamili, yenye maana, yenye heshima. Hakuna mhariri ambaye angeisimamisha.

Kwa hiyo nasema hivi kwa uhakika wa mtu aliyeungua: katika unukuzi, mabano ya [haisikiki] si kosa baya. Mabano ni ukweli. Yanasema hapa kuna kitu na sikukipata. Kosa baya ni neno zuri lisilo lake, linaloingia kimya kimya pale sikio linapokuwa halijamzoea msemaji, kwa sababu sikio haliachi tundu. Likikosa linaziba, na linaziba kwa kile linachokijua.

Jinsi linavyojifunza inaeleza pia kwa nini lilikosea pale na si kwingine. Mwaka 2003 Dennis Norris, James McQueen na Anne Cutler walifanya jaribio huko Uholanzi na wasemaji wa Kiholanzi. Walitengeneza sauti iliyo kati ya "f" na "s", wakaiweka mwishoni mwa maneno kama 20 hivi. Kundi moja liliisikia ndani ya maneno ambayo yangekuwa maneno tu ikiwa sauti ile ni "f". Kundi jingine ndani ya maneno yanayodai "s". Baadaye wote wakasikilizishwa sauti hizo zikiwa peke yake. Kundi la kwanza likawa linaisikia zaidi kama "f", la pili zaidi kama "s". Lakini walipoiweka sauti ileile katika silabi zisizo neno lolote, hakuna aliyejifunza. Neno linalojulikana ndilo mwalimu. Ukisikia "tu-?-i-?-eme" na kinachoweza kukaa hapo ni "tusiseme" tu, umepata somo: kumbe hii ndiyo "s" ya bibi huyu. Maneno mia ya namna hiyo yalinifundisha katika siku mbili. "Sida" na "shida" hayafundishi chochote, kwani yote mawili ni maneno halali. Yanasubiri sikio lililokwisha fundishwa na mengine. Na dakika ya 9 ilikuwa mapema mno.

Kuna jaribio jingine linalonigusa zaidi, la Tanya Kraljic, Arthur Samuel na Susan Brennan, la mwaka 2008. Sauti zao zilikuwa "s" na "sh", zilezile zangu. Wasikilizaji walimwona msemaji kwenye video akitoa "s" isiyo wazi. Kwa wengine, kila alipoitoa alikuwa na kalamu mdomoni. Waliomwona bila kalamu walizoea. Waliomwona na kalamu hawakuzoea. Akili ilipopata sababu ya kupita, kitu kilichoingia mdomoni na kitakachotoka, haikuona haja ya kujifunza. Kumbuka nilichoandika kwenye fomu siku ya kwanza: huenda anatafuna kitu. Siwezi kulifungua sikio langu nikalipima kama wao walivyopima. Lakini naamini kwamba kwa siku mbili nilikuwa nimempa bibi kalamu isiyokuwepo. Nilikuwa nangoja ameze aanze kutamka vizuri. Ni baada ya kuambiwa habari ya meno, jioni ya siku ya pili, ndipo sauti yake ikawa sauti yake, kitu cha kudumu, kinachostahili kujifunzwa. Asubuhi yake nikamsikia.

Na lile neno "lafudhi nzito" nalo halikuwa bure. Donald Rubin, mwaka 1992, aliwachezea wanafunzi wa chuo Marekani mhadhara uliorekodiwa na Mmarekani anayesema Kiingereza tangu utotoni. Wengine walionyeshwa picha ya mwanamke mzungu kwamba ndiye anayesema, wengine picha ya mwanamke mwenye sura ya Kiasia. Sauti ilikuwa moja. Walioona sura ya Kiasia walisikia lafudhi isiyokuwepo, na walipoulizwa yaliyomo kwenye mhadhara walikumbuka kidogo. Mtu akijiandaa kutoelewa, haelewi. Faili la bibi lilikuja na jina la kambi juu yake, na mimi nililisoma jina hilo kabla ya kubonyeza.

Mkuu wa kazi alipopata habari alipendekeza tutumie mashine ya kunukuu. Nilimwonyesha utafiti wa Allison Koenecke na wenzake wa mwaka 2020: mifumo ya makampuni matano makubwa ilikosea kwa wastani maneno 19 kati ya 100 kwa Wamarekani weupe na 35 kati ya 100 kwa Wamarekani weusi, lugha ikiwa Kiingereza hichohicho. Mashine nayo imezoea walioifikia. Bibi wa Kivu hajaifikia.

Tulichobadilisha ni kidogo na hakina gharama. Dakika kumi na tano za kwanza za kila rekodi zinasikilizwa bila kuandika, kisha zinaandikwa mwisho, baada ya nyingine zote. Rekodi za watu wa eneo moja anapewa mnukuzi mmoja, kwani mazoea yanajumlishana: Ann Bradlow na Tessa Bent walionyesha mwaka 2008 kwamba aliyesikiliza wasemaji kadhaa wa lafudhi moja anamwelewa vizuri hata mgeni wa lafudhi hiyo, kuliko aliyezoea mmoja tu. Nililiona mwenyewe kwenye rekodi iliyofuata, ya mzee wa mji wa Baraka, Kivu Kusini hukohuko. "Leta" na "batoto" vilinifuata, vikanisaidia toka sekunde ya kwanza. "S" ya bibi haikunifuata, na haikutakiwa, mzee ana meno yake yote. Ilikuwa imebaki kwa mwenyewe, kama ufunguo wa mlango mmoja.

Jambo la tatu: kila maandishi yanapitiwa na mtu mmoja asiyewahi kuisikia sauti ile, naye haruhusiwi kusahihisha, anaruhusiwa kutia alama tu pale anaposikia neno tofauti. Wa Morogoro ndiye anayenipitia mimi, nami nampitia yeye. Alama hizo ndizo tunazokwenda nazo kwa mwenye sauti. Na ile sehemu ya fomu inayohusu ubora wa sauti tumeigawa mara mbili. Upande mmoja unauliza kuhusu rekodi: upepo, mvua, umbali wa simu. Upande wa pili unauliza mnukuzi amemsikiliza msemaji huyu kwa dakika ngapi hadi sasa.

Maandishi ya bibi yalirudi kambini yamesahihishwa, akasomewa yote. Dakika ya 9 imeandikwa kama alivyosema. Mabano mawili yamebaki, yote kwenye dakika ya 31, mvua ilipokuwa kubwa kabisa. Mhojaji alimuuliza alisema nini pale. Bibi akafikiri, akasema hakumbuki, ila anakumbuka mvua yenyewe. Tumeyaacha: [haisikiki].